Setilaiti yenu ndogo itapanda na nani? Njia tatu za kuifikisha angani

Juu ya meza ya maabara pana kisanduku chenye sentimita 10 kila upande. Ubavuni kimezungushiwa utepe wa chuma uliokatwa kutoka kwenye futi ya fundi seremala. Huo ndio antena. Utepe umekunjwa ukafungwa kwa uzi wa nailoni, ule ule wa kuvulia samaki, na chini ya uzi pamepitishwa waya mwembamba. Dakika 30 baada ya setilaiti kuachiwa angani, waya utapata moto, uzi utakatika, antena itafunguka. Kazi ya miaka miwili ya wanafunzi inaning'inia kwenye uzi huo.

Timu zinazojenga visanduku vya namna hii zimeongezeka kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka chake 2018, Rwanda ikafuata 2019, Uganda 2022, Kenya tena 2023. Hata hivyo, katika kila timu niliyokaa nayo nimekuta swali moja limeachwa hadi mwisho: tutairusha kwa njia ipi? Wanachora, wanalehemu, wanaandika programu, kisha ndipo wanaanza kutafuta usafiri. Huko ni kujenga meli kabla ya kujua kina cha bandari. Njia ya kurusha ndiyo inayoamua setilaiti itaona nini, itaishi muda gani na betri gani itaruhusiwa.

Njia zilizo wazi kwa timu ndogo ni tatu: kupitia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kuchangia roketi kubwa na wengine, au kukodi roketi ndogo. Nitazipima kwa vigezo vile vile.

Vigezo kwanza

Kigezo kizito kuliko vyote ni obiti, yaani njia ambayo setilaiti huizungukia dunia. Ina mambo mawili: kimo, na mwinamo, ambao ni pembe ya njia hiyo inapoikata ikweta. Yenye mwinamo wa digrii 5 haiondoki karibu na ikweta. Yenye digrii 90 hupita juu ya ncha zote mbili za dunia. Kwa sisi wa Nairobi, Kampala, Mwanza au Kisangani, hili lina uzito kuliko linavyopewa katika miongozo iliyoandikwa Ulaya na Marekani. Setilaiti ipitayo nchani huzunguka dunia mara 15 hivi kwa siku, lakini antena ya ardhini iliyopo kwenye ikweta huiona mara tatu au nne tu, kwa dakika chache kila mara. Ingekuwa kwenye obiti ya ikweta, mngeiona karibu kila inapozunguka.

Waitalia walilijua hilo mapema. Walisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini, upande wa Ngomeni kaskazini mwa Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha uhuru wake, roketi ya Scout ikaondoka hapo na setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru. Roketi ya mwisho kuondoka pale ilikuwa ya 1988. Tangu hapo hatuna budi kupanda vyombo vinavyoondoka kwa watu wengine, na vingi haviendi ikweta.

Cha pili ni umri. Hata kwenye kilomita 400 kuna hewa nyembamba inayoikokota setilaiti chini kidogo kidogo hadi iungue. Jua likichachamaa, hewa hiyo hutanuka na mkokoto huzidi. Februari 2022 dhoruba ya jua iliangusha setilaiti 38 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimetoka tu kurushwa, kwa sababu zilikuwa bado chini sana.

Vingine ni fedha, ratiba, na masharti pamoja na hatari zake. Kwenye fedha msihesabu tiketi ya roketi peke yake. Kuna vipimo vya mtikisiko na vya ombwe, yaani mahali pasipo hewa, ambavyo mara nyingi hufanyiwa nje ya nchi, kuna nauli za watu wawili watatu wa kuisindikiza setilaiti, na kuna forodha. Nimeona timu iliyokwama wiki kadhaa kwa sababu sanduku lake la vipuri lilikaa bandarini likisubiri karatasi moja.

Njia ya kwanza: kupitia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu

Hapa setilaiti husafiri kama mzigo, imefungashwa kwenye mfuko laini pamoja na chakula na vifaa vya wanaanga. Ikifika, huingizwa kwenye maabara ya Kijapani iitwayo Kibo. Mwanaanga huifunga kwenye kisanduku cha kuachia, huitoa kupitia chumba kidogo cha kutokea nje, kisha mkono wa roboti hukielekeza kisanduku chini na nyuma ya kituo ili setilaiti isije ikarudi kukigonga. Mlango unafunguka, springi inasukuma. Shughuli hiyo hupigwa picha, na mliobaki chuoni mnaiona setilaiti yenu ikielea na dunia ya buluu nyuma yake. Hakuna njia nyingine inayowapa wanafunzi picha kama hiyo.

*Obiti.* Kimo ni kilomita 400 na zaidi kidogo, mwinamo digrii 51.6. Hamna la kuchagua. Afrika Mashariki yote imo ndani, ila wakati wa kupita hauko thabiti: kila siku setilaiti hupita mapema kidogo kuliko jana, kwa dakika 20 na kitu. Wiki hii itapita juu ya Ziwa Viktoria asubuhi, baada ya majuma machache itapita usiku. Kwa kupima halijoto au kujaribu redio haina neno. Kwa kamera inayotaka kulinganisha magugu maji ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, mwanga hautalingana.

*Umri.* Ni mfupi: miezi kadhaa hadi miaka miwili hivi, kutegemea jua na umbo la setilaiti. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa 11 Mei 2018 na ilikuwa imeshaungua kufikia 2020. Upande wa heri ni kwamba taka za angani hazitawanyimeni usingizi. Setilaiti inajisafisha yenyewe.

*Fedha.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kupitia mpango wa KiboCUBE, ambao Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu na shirika la anga la Japani JAXA waliuanzisha 2015, timu inayoshinda hurushiwa bure. Nairobi ndiyo iliyochaguliwa wa kwanza. Guatemala na Mauritius zikaja baadaye. Gharama ya kujenga inabaki kwenu. Mlango mwingine ni Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, na mradi wake wa BIRDS, ambao huwachukua wahandisi vijana wakasome huku wakijenga. PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilizaliwa huko pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe, na zote mbili ziliachiwa kutoka kituoni 2 Desemba 2022.

*Ratiba.* Mtangoja zamu ya ushindani, kisha zamu ya chombo cha mizigo, kisha zamu ya wanaanga wenye kazi nyingine. Tena saa inakimbia: NASA na washirika wake wamepanga kukistaafisha kituo mwishoni mwa 2030, na Juni 2024 kampuni ya Marekani ya SpaceX ilipewa kazi ya kujenga chombo cha kukishusha. Timu inayoanza leo na kujenga kwa miaka mitatu haina muda wa kuchezea.

*Masharti na hatari.* Kituoni kuna watu, kwa hiyo ukaguzi ni mkali. Kila betri hupimwa, kila ncha kali husawazishwa, na lazima muoneshe kwamba setilaiti haiwezi kujiwasha ikiwa bado ndani. Mtungi wenye mgandamizo au injini ya kusukuma hukaribisha maswali yasiyoisha. Upande wa pili, mfuko laini hupunguza mtikisiko, jambo linaloziokoa solda nyingi za mikono inayojifunza. Kuhusu kufika: Oktoba 2014 roketi ya Antares iliyokuwa ikienda kituoni ililipuka sekunde chache baada ya kuondoka Virginia, na setilaiti ndogo 26 za kampuni ya Planet zikateketea nayo. Chombo cha Cygnus kilichobeba PearlAfricaSat-1 nacho kilishindwa kufungua paneli moja ya sola kati ya mbili, lakini kilifika.

*Inamfaa nani?* Chuo kinachojenga setilaiti ya kwanza, ambacho mazao yake makubwa ni wahandisi wenyewe.

Njia ya pili: kuchangia roketi kubwa

SpaceX hupeleka safari ziitwazo Transporter mara tatu au nne kwa mwaka, roketi ya Falcon 9 ikiwa imejaa setilaiti za watu mbalimbali. Ya kwanza, 24 Januari 2021, ilibeba 143. India nayo imefanya kazi hiyo kwa roketi ya PSLV. Februari 2017 iliachia setilaiti 104 kwa safari moja. Taifa-1 ya Kenya ilipanda Transporter-7 kutoka Vandenberg, California, 15 Aprili 2023, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa za Nairobi, baada ya hali ya hewa kuiahirisha. Djibouti ikafuata Novemba mwaka huo huo na Djibouti-1A.

*Obiti.* Safari nyingi za namna hii huenda kilomita 500 hadi 600, kwenye obiti inayofuatana na jua: setilaiti hupita nchani, na kila mahali hupapitia saa ile ile ya mchana. Ikipita Turkana saa nne na nusu asubuhi leo, mwezi ujao itapita saa hiyo hiyo, vivuli vikiwa karibu vile vile. Kwa kilimo, misitu, mafuriko na mipaka ya malisho, hicho ndicho kinachotakiwa, na ndicho Taifa-1 ilichoendea kwa kamera yake. Adhabu yake ni ile niliyoitaja: tukiwa ikweta tunaiona mara chache kwa siku. Dawa mojawapo ni SatNOGS, mtandao wa wazi wa vituo vya ardhini vya watu wanaojitolea dunia nzima, ambao hupokea mawimbi ya setilaiti ikiwa upande mwingine wa dunia. Tangu Aprili 2024 SpaceX ina pia safari za Bandwagon zenye mwinamo wa digrii 45 hivi, kwa wasiohitaji nchani.

*Umri.* Miaka kadhaa. Lakini angalieni kimo: ukipanda kilomita 600 bila njia ya kushuka, setilaiti iliyokufa inaweza kuzagaa huko miaka zaidi ya kumi. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, sasa inawadai wenye leseni zake washushe setilaiti ndani ya miaka 5 baada ya kazi kwisha, badala ya mwongozo wa zamani wa miaka 25. Hata kama leseni yenu ni ya Nairobi au Dodoma, mimi ningelifuata sharti hilo la miaka 5. Anga ile ni ya wote, na sisi tulioingia mwisho tutaihitaji kwa muda mrefu zaidi.

*Fedha.* Bei iliyotangazwa 2024 ilianzia dola 300,000 kwa kilo 50, kisha dola 6,000 kwa kila kilo ya ziada, na imekuwa ikipanda. Msidanganyike mkagawanya mkapata bei ya kisanduku cha kilo nne. Nafasi ya chini ni ile ya kilo 50, kwa hiyo timu ndogo hupitia kwa mawakala kama Exolaunch ya Ujerumani au D-Orbit ya Italia, ambao hukodi nafasi nzima na kuigawa. Mkataba mnaosaini ni wa wakala. Ulizeni waziwazi: nani analipia kisanduku cha kuachia, nani anapima mtikisiko, na tukichelewa tunapelekwa safari ijayo kwa faini gani? Kwa kulinganisha, Kenya ilitangaza kwamba Taifa-1 iligharimu shilingi milioni 50.

*Ratiba.* Hapa njia hii inazishinda nyingine kwa timu ya kawaida. Tarehe zinajulikana mapema, na chombo hakimsubiri aliyechelewa. Mkikosa cha Machi, kuna kingine baada ya miezi michache.

*Masharti na hatari.* Hakuna binadamu ndani, hivyo karatasi za betri ni nyepesi kuliko za kituoni, na injini ndogo inakubalika kwa urahisi zaidi. Lakini mtikisiko ni mkali, na lazima muthibitishe kwa vipimo kwamba setilaiti yenu haitavunjika ikaharibu ya jirani. Falcon 9 ina rekodi nzuri mno. Wasiwasi wangu uko kwingine: setilaiti mia moja zikiachiwa ndani ya saa moja, rada huona nukta mia moja zilizosongamana, na inaweza kuchukua siku au wiki kujua ipi ni yenu. Timu ambayo setilaiti yake hailii mara kwa mara kwenye redio hubaki ikiwasikiliza wenzake.

*Inamfaa nani?* Timu yenye kazi halisi ya picha au data, yenye bajeti, na ambayo kuna mtu anayengojea mazao yake.

Njia ya tatu: roketi ndogo ya kukodi

Mfano ulio hai ni roketi ya Electron ya kampuni ya Rocket Lab. Ina urefu wa mita 18, hubeba hadi kilo 300 kwenye obiti ya chini, na huondoka rasi ya Mahia, New Zealand, au Wallops, Virginia. Ilifika obiti kwa mara ya kwanza Januari 2018, na hadi mwisho wa 2025 ilikuwa imeruka zaidi ya mara 70.

*Obiti.* Mnasema mnataka wapi, mnapelekwa hapo. Thamani ya maneno hayo inaonekana katika mradi wa TROPICS wa NASA. Setilaiti zake, kila moja ikiwa na ukubwa wa mkate, zilikuwa za kupima vimbunga vya tropiki, kwa hiyo zilihitaji mwinamo wa digrii 30 hivi, mahali ambapo roketi za kuchangia hazipiti. Mbili za kwanza zilipotea Juni 2022 roketi ya Astra iliposhindwa njiani. Nne zilizobaki zikapelekwa na Electron kwa safari mbili mwezi Mei 2023, siku 18 kati ya moja na nyingine, kabla ya msimu wa vimbunga. Nikiusoma mradi ule huwa nafikiria nchi zetu: obiti inayokaa katika ukanda wa tropiki ingeturudia mara nyingi kwa siku, ikaona mawingu ya mvua ya vuli yakijengeka.

*Umri.* Unategemea kimo mlichochagua.

*Fedha.* Roketi nzima ni zaidi ya dola milioni 7. Kwa chuo kimoja, hapana. Kwa nchi sita au saba zilizoungana kwa kundi la setilaiti, hesabu inaanza kueleweka. Rocket Lab nayo huuza nafasi za kuchangia, ila hapo mnarudi kwenye hali ya abiria wa njia ya pili.

*Ratiba.* Roketi inawasubiri ninyi, si ninyi mnaoisubiri.

*Masharti na hatari.* Mtikisiko na vipimo vinafanana na njia ya pili. Electron ilishindwa 2020, 2021 na 2023, na kila mara mzigo ulipotea wote. Wekeni bajeti ya setilaiti ya pili, au bima.

*Inamfaa nani?* Serikali, mashirika ya hali ya hewa, na miungano ya nchi ambayo obiti yao ndiyo roho ya kazi.

Jambo lisilobadilika kwa njia yoyote

Masafa ya redio. Anzeni maombi kwa mamlaka yenu ya mawasiliano siku mnayochora antena, kwa sababu karatasi hupita nchini kabla ya kufika kwenye shirika la kimataifa la ITU. Januari 2018 kampuni ya Swarm ilirusha setilaiti nne kwa roketi ya India baada ya FCC kuikatalia leseni. Iliadhibiwa kulipa dola 900,000. Wakala atawauliza leseni, na bila hiyo setilaiti itabaki kwenye kabati.

Kwa hali yenu

Mkiwa chuo kisicho na uzoefu wala fedha nyingi, na wanafunzi ndio shabaha, ombeni nafasi ya kupitia Kibo, na ombeni sasa. Chagueni kazi inayoweza kukamilika ndani ya miezi 6, ili kifo cha mapema kisiwanyang'anye kitu.

Mkiwa na wizara ya kilimo au idara ya misitu inayongojea picha, na fedha zimeshaidhinishwa, changieni roketi. Tafuteni kimo cha karibu kilomita 500 kuliko 600 mkipewa nafasi ya kuchagua, na anzeni kuzungumza na mawakala wawili kwa pamoja angalau miezi 18 kabla.

Mkitaka kujaribu injini yenu wenyewe, ukaguzi wa kituoni utawachosha. Njia ya pili ni nyepesi zaidi.

Mkiwa sekretarieti ya kikanda inayowaza mvua, mafuriko au mawasiliano ya ziwani, msikubali obiti ya nchani kwa sababu tu ndiyo ya bei rahisi. Ombeni bei ya roketi ndogo yenye mwinamo wa chini, kisha mgawanye na idadi ya nchi.

Na kama bado hamjaamua setilaiti ifanye nini, ahirisheni tiketi, mjenge kituo cha ardhini. Antena ya Yagi, yenye vijiti vilivyopangwa sambamba, hutengenezwa kwa bomba la plastiki na utepe wa futi ile ile ya seremala, kwa fedha ya mfukoni. Ielekezeni juu Kituo cha Kimataifa kinapopita, redio ikiwa kwenye megahezi 145.800, siku ambayo wanaanga wanaongea na shule fulani. Kwanza mtasikia mkwaruzo tu, kisha sauti ya mtu aliye kilomita 400 juu ya paa la maabara yenu.